Wastaafu wa Kigoma na Tabora, tangu muache ofisi mwezi mnauhesabu vipi? Mie siku hizi nahesabu kwa dagaa

#1 Karani_wa_Ujiji

Wakuu habarini, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaamkia.

Kabla hatujaenda mbali huu si uzi wa kikokotoo cha mafao ya pensheni, nyuzi za kikokotoo zipo nyingi humu nendeni mkalilie huko, mie nililia nikamaliza.

Nimefanya uhasibu miaka 34. Mpanda, Singida, Dodoma, mwisho nikarudishwa hapa nyumbani. Miaka yote hiyo mwezi kwangu ulikuwa ni kufunga vitabu. Ikifika tarehe 25 tumbo linauma, tarehe 30 mshahara, tarehe 5 umeisha, tunaanza upya. Mwezi wenyewe, huu wa juu, sikuwa nauangalia labda umeme ukatike.

Nikastaafu na miaka yangu 60 kamili. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka saa kumi na moja, naoga, navaa suruali ya kazini na mkanda, nakaa barazani. Bibi yenu ananipita na ndoo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akasimama akaniuliza, baba nanihii unamsubiri nani? Sikuwa na jibu. Akanipa kikapu akasema nenda Katonga kanunue dagaa wabichi, angalau miguu itanyooka.

Nimefika Katonga hapa Ziwa Tanganyika, ufukwe mweupe, mitumbwi imelala, vijana wanashona nyavu wengine wanacheza bao. Nikauliza dagaa wako wapi, kijana mmoja akanitazama vile unavyomtazama mtu kashuka kwenye treni jana, akasema mzee hujaona mwezi jana usiku? Mbalamwezi hii nani ataingia ziwani, taa itamvuta dagaa gani?

Nikarudi na kikapu kitupu. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. "Umezaliwa Ujiji, umekulia Ujiji, unakwenda kutafuta dagaa mwezi mpevu." Na ni kweli, marehemu baba alikuwa anajua mambo haya amefumba macho, ila mie miaka 34 nilikuwa nasoma kalenda ya ukutani yenye picha ya benki.

Toka siku ile nina daftari. Mhasibu haachi asili. Ila sasa siandiki fedha, naandika mwezi umeandama lini, dagaa wamepatikana lini, maembe yameanza lini, mawese yameganda lini.

Na leo asubuhi ndo yameganda. Nimeinua dumu la lita tano nimimine kwenye kikaango, halitoi kitu. Nikalitikisa, kimya. Juu kumebaki kidogo kama chai ya rangi, chini yote yamekuwa kama samli nyekundu yenye punjepunje. Bibi yenu kanichukulia mwiko mwembamba akachokoa bonge moja kama kisukari, akalitupia kwenye sufuria likaanza kuteleza lenyewe pembeni pembeni linaacha njia nyekundu. Hapo bila kuuliza mtu najua mvua zimeisha, upepo wa kusini umeanza, na usiku nitatafuta blanketi la pili. Nikaandika kwenye daftari: mawese yameganda.

Sasa nauliza wenzangu, nyie mnajuaje? Mnakula nini msimu huu? Leteni vyakula vya nyumbani, wajukuu, chochote. Siasa hapana.

#2 mpitanjia_77

Uzi bila picha. Dumu liko wapi mzee

#3 Karani_wa_Ujiji

Mjukuu simu yangu kamera ina ufa, ukiona picha utadhani dumu lina nyufa. Amini tu.

#4 Mama_Manyovu

Mwakeye! Karani umenigusa. Mie mwalimu mstaafu, nipo huku juu Manyovu, baridi yetu na yenu ya Ujiji ni vitu viwili, nyie mna baridi ya kuvaa shati la mikono mirefu, sie huku ukungu unaingia mpaka jikoni asubuhi humwoni mbuzi mpaka alie.

Huku msimu tunaujua kwa maharage. Mwaka una maharage mara mbili, ya mvua za mwanzo tunavuna kama mwezi wa kwanza, ya pili ndo haya sasa hivi mwezi wa sita. Mtu aliyezoea maharage ya gunia la dukani hajui maharage. Yale yanayotoka shamba ganda bado bichi bichi, unayamenya umekaa kwenye mkeka na wajukuu, kila mmoja na kisahani chake, yanaiva haraka hata hujamaliza kusimulia hadithi moja. Kitunguu, mawese kidogo, chumvi. Nyanya ukiweka nyingi umeyaharibu. Unakula na ndizi za kuchemsha na kikombe cha kahawa ya Kalinzi pembeni umemaliza.

Nilikuwa nafundisha darasa la watoto 90, jioni nina madaftari ya kusahihisha mpaka taa inaisha mafuta. Wanangu mwenyewe maharage walimenya na dada wa kazi. Sasa hivi namenya na wajukuu na wao hawajui kama nalipa deni.

#5 Kibirizi_Dagaa

Shikamoo wazee. Mie kijana nauza dagaa Kibirizi acha niongezee kwa mzee Karani maana kuna watu hawaelewi hii ishu ya mwezi.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, saa hizi taa za sola na betri. Kukiwa na giza totoro unawasha taa, dagaa wanakuja kwenye mwanga wanajikusanya, unaweka wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni taa, dagaa hawana haja ya taa yako wametawanyika. Kwa hiyo karibu na mwezi mpevu siku kadhaa watu wanapumzika, wanatengeneza nyavu, wanalala na wake zao. Bei inapanda. Giza likirudi bei inashuka. Mtu wa Dar anatupigia simu anasema mbona wiki iliyopita ulinipa bei nyingine unaniibia, namwambia dada toka nje uangalie juu.

Halafu kuna kuanika. Kiangazi kama sasa hivi ndo raha, unamwaga kwenye chanja asubuhi, jua na upepo, jioni dagaa kakauka anang'aa kama bati jipya. Masika ni mateso, unaanika wingu linakuja, unakusanya, jua linatoka, unaanika, mvua. Dagaa wa masika anakuwa mweusi mweusi na harufu. Kwa hiyo wazee wangu dagaa wa kutunza mnunue sasa, msisubiri mwezi wa 12.

#6 Mtemi_wa_Cheyo

Mwangaluka wakuu, Tabora hapa. Nimesoma nikasema hawa Waha wana dagaa mpaka kwenye kalenda 😂

Sie hatuna ziwa lakini tuna misitu ya miyombo na hatuna shida. Msimu huu Tabora ni wa vitu viwili, asali na michembe. Warina asali wanarudi na ndoo kutoka porini huko, asali bado ina vipande vya masega na mguu wa nyuki mmoja mmoja. Na michembe ukipita vijijini unaona juu ya mapaa na kwenye majamvi meupe tu, viazi vitamu vimekatwa vyembamba vinaanikwa. Marehemu mama alikuwa anatengeneza na matobolwa, haya unachemsha kwanza viazi ndo unakata unaanika, yanakuwa magumu matamu unatafuna kama jojo. Ile michembe mwezi wa kwanza njaa ikibisha hodi unachemsha unaponda na karanga unakula na chai. Watoto wa siku hizi wanaita chakula cha njaa. Mie na miaka 67 nakila kwa hiari yangu na sina njaa.

Na mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa 11 hapo ni uyoga. Msinifanye nianze.

#7 Karani_wa_Ujiji

Mtemi anza bwana, nani kakuzuia. Ila asali ya Tabora nakubali, hapo sina ubishi.

#8 Nesi_Gungu

Samahani nawaharibia karamu kidogo. Mie nesi mstaafu. Nawapenda wote lakini humu nusu yetu tuna presha.

Karani mawese yanaganda kwa sababu karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito, yale ambayo moyo hauyapendi yakizidi. Lakini pia ile rangi nyekundu ndo yenye faida, ni kitu kilekile kilichoko kwenye karoti, mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Sasa wengi humu mnayachoma mawese mpaka yanakuwa meupe ndo mnaanza kupika. Mmechoma faida mkabakiza hasara. Pasha tu yayeyuke weka kitunguu.

Na dagaa waliotiwa chumvi, waloweke maji ya moto umwage, waloweke tena. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema, na hicho kijiko kinahesabu mboga, ugali uliochovya, kila kitu. Sijasema msile. Mie mwenyewe jana nimekula mgebuka, samaki wetu wa ziwani.

#9 Mama_Manyovu

Nesi hapo kwa kuchoma mawese umeniwakia taa. Mama yangu alichoma, bibi yangu alichoma, ile harufu ikishatoka ndo tunajua pilau la Waha limeanza. Kuyaacha mabichi yananuka mabichi.

#10 Nesi_Gungu

Mama usichome mpaka moshi. Kuna pasha na kuna choma. Kati ya hapo kuna kitunguu.

#11 Mama_Manyovu

Haya. Nitajaribu Jumapili mzee asijue.

#12 Mwanga_Juu

Nimesoma kimya toka jana nikaona niandike.

Mie nipo Mwanga hapa mjini. Nilistaafu mwaka juzi. Mke wangu alitangulia mbele ya haki mwezi wa pili mwaka huu. Watoto wako Mwanza na Dar, wananitumia hela, wanapiga simu kila jioni, siwalaumu. Ila nikisoma mnayoandika nagundua mie hivyo vyote nilikuwa navila tu. Sijui vinatokea wapi. Nilikuwa nakaa mezani sahani inakuja.

Saa hizi nakula chipsi na mayai mama ntilie wa kona. Kinu cha marehemu mke wangu kipo uani kimegeuzwa chini, sijakigusa. Majirani walikuwa wanasema wakisikia kinu kwetu saa kumi jioni wanajua leo sombe, yaani kisamvu.

Swali langu la kijinga. Ugali wa muhogo maji kiasi gani? Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza gundi. Ya pili mabonge, katikati unga mkavu.

#13 Karani_wa_Ujiji

Pole sana ndugu yangu. Mungu ampumzishe. Na si swali la kijinga, mie nimejifunza kusonga muhogo nikiwa na 61, bibi yenu alivunjika mkono ikabidi.

Ugali wa muhogo si wa mahindi, usianze na uji. Maji yachemke kwelikweli, kisha chota kikombe kimoja uweke pembeni cha akiba. Punguza moto. Unga mwaga wote kwa mpigo usiwe unanyunyiza kwa woga, huo woga ndo unaleta mabonge. Choma mwiko katikati kwanza maji yapande juu, halafu ndo unaanza kusonga unakandamiza kwenye ukuta wa sufuria. Utaona mwanzo unakataa, una madoa meupe meupe, songa tu, ghafla unabadilika unakuwa unang'aa unavutika na unaachana na sufuria wenyewe. Ukikaza ndo unaongeza ile akiba kidogo. Ukishang'aa epua, usiukalishe motoni.

Mara ya kwanza mkono utauma mpaka bega. Kaa chini, sufuria ibane kwa miguu na kitambaa.

#14 Mtemi_wa_Cheyo

Pole mkuu. Hata sie wa mahindi tunakuombea kwenye huo ugali wenu wa kuvutika.

#15 Mama_Manyovu

Pole kaka yangu. Kinu kigeuze juu. Sombe nitakuelekeza taratibu ukiwa tayari, hata mwezi ujao.

#16 Dogo_Mabibo

Wazee shikamooni, mie wa Kasulu nipo Dar. Huku sombe unainunua imeshasagwa na mashine kwenye mfuko, ikiiva inakuwa kijani kama rangi ya shule, haina nyuzi haina kitu. Mgebuka unaufikia ukiwa umekauka kama ubao. Nawaonea wivu tu. Endeleeni.

#17 Karani_wa_Ujiji

Dogo panda treni bwana. Ni zaidi ya kilomita 1,200 lakini unakula njia nzima.

Niwape kisa. Wiki iliyopita mjukuu wangu wa darasa la tatu alikuja likizo, nikaenda naye Katonga. Akaniuliza babu hili ziwa linaisha wapi kwenda chini. Nikamwambia kina chake ni mita 1,470. Akanyamaza akatembea, kisha akauliza, ni babu wangapi wakisimama vichwani? Mimi nina mita moja na sentimita 68. Nikatoa daftari palepale mchangani nikagawa. Babu 875. Wa mwisho kabisa ndo utosi wake unafika usawa wa maji. Akaangalia maji, akaniangalia, akasema basi wewe usiwe wa chini.

Miaka 34 nimegawa hesabu za watu hakuna iliyonifurahisha kama ile.

#18 mpitanjia_77

Hii imenichekesha sana mzee. Nimesamehe picha

#19 Kibirizi_Dagaa

😂😂 babu 875. Mzee Karani njoo Kibirizi nikupe sado ya bure.

Ila wazee mnavyosema raha ya samaki mkumbuke na 2024, ziwa lilivyofungwa kutoka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti samaki wapumzike. Sie tulikaa tunaangaliana. Nilifyatua matofali miezi mitatu. Ila lilipofunguliwa acha bwana, mgebuka ulikuwa mnene nikasema kumbe na wao walihitaji likizo.

#20 Karani_wa_Ujiji

Ile miezi mitatu kwenye daftari langu nimeandika neno moja kila wiki: maharage, maharage, maharage.

---

#21 Karani_wa_Ujiji (uzi umefufuliwa, Oktoba)

Wakuu nafufua. Leo ni mwezi wa kumi, vumbi limekuwa kama unga wa ngano, miti ya jirani imepukutika, ziwa halionekani ng'ambo kwa moshi wa mashamba yanayochomwa. Mawese yameyeyuka zamani, dumu linamimina kama maji. Joto.

Lakini maembe yameanza. Ujiji maembe si tunda ni msimu wa akili. Pale kwenye makumbusho, walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, wageni wanakuja wanapiga picha chini ya miembe, sie tunapita tunaangalia juu kama yameiva. Bibi yenu anayapika mabichi na dagaa, embe bichi badala ya ndimu, yaani ule uchachu unaingia mpaka kwenye mfupa, tunakula jioni barazani tukiangalia mawingu upande wa Kongo yanapanda kila siku na hayaleti kitu.

Mwanga_Juu upo?

#22 Mwanga_Juu

Nipo. Ugali nimeuweza mwezi wa saba. Mara ya sita. Uling'aa nikaupiga picha nikawatumia watoto, binti akapiga simu analia nikadhani kuna msiba kumbe ugali.

Mgebuka nao nimeuweza, wa kuchemsha tu na nyanya, kitunguu, ndimu, mawese ya kupasha kama Nesi alivyosema. Kinu bado.

#23 Mama_Manyovu

Hongera baba! Sasa msikilize mwalimu. Majani machanga ya juu tu, yale matatu manne ya kileleni, ukichuma ya chini utatwanga mpaka Krismasi. Osha, acha yanyauke kidogo. Kwenye kinu weka majani na kitunguu na nyanya chungu mbili tatu, twanga mpaka yalainike ila uone bado nyuzi nyuzi. Kisha kwenye maji mengi, chemsha bila mfuniko, saa nzima na zaidi, usiwe na haraka kabisa, majani ya muhogo yana sumu ya asili na inatoka kwa kutwanga na moto wa kutosha. Mtu akikuambia dakika ishirini mkimbie. Yakiiva maji yakipungua ndo karanga zilizosagwa, halafu mawese mwisho. Magadi mie siweki. Wengine wanaweka, shauri yao.

Na Nesi nimepasha bila kuchoma kwa miezi mitatu. Mzee hajajua. Anasema siku hizi mboga ina rangi nzuri.

#24 Nesi_Gungu

❤️ Usimwambie.

#25 Mtemi_wa_Cheyo

Wakuu mvua imenyesha Tabora jana usiku!! Ya kwanza. Bati lilipiga kelele tukaamka wote, mie na bibi tukatoka nje saa nane usiku kama watoto. Asubuhi kumbikumbi. Wajukuu na mabeseni ya maji chini ya taa ya barabarani, yanadondoka wanayasomba. Unakaanga makavu bila mafuta, yanajikaanga kwa mafuta yake, unapepeta mabawa upande wa upepo, chumvi kidogo. Meno yangu yamebaki machache lakini kumbikumbi hawahitaji meno.

Uyoga bado wiki mbili tatu. Kuna mama anakujaga na ndoo kutoka porini, namsubiri kuliko nilivyokuwa namsubiri mhasibu. Samahani Karani.

#26 Karani_wa_Ujiji

😂 Nimekusamehe. Mtemi sikia, wajukuu zangu wanapanda treni Dar mwezi wa 12 wanapita hapo kwenu. Inasimama Tabora muda wa kutosha. Ukinipelekea lita mbili za asali stesheni, kwenye kurudi nakutumia mawese dumu la lita tano na dagaa wa kiangazi, sio wa masika.

#27 Mtemi_wa_Cheyo

Imepita. Mwambie mkubwa wao avae shati jekundu.

#28 Karani_wa_Ujiji (Desemba)

Wakuu asali imefika. Lita tatu si mbili, na kifurushi cha michembe ambacho sikuomba. Watoto walifika wamekula karibu robo ya asali kwa vidole toka Urambo, mdogo nywele zimegandana ikabidi zioshwe mara mbili. Mtemi mzigo wako umefungwa upo uvunguni unasubiri tarehe 4.

Michembe imepondwa na karanga leo asubuhi. Mvua inanyesha hapa toka saa tisa usiku, hakuna mtu amekwenda popote, watu tisa sebule moja. Mjukuu wa babu 875 kauliza kama mvua inajaza ziwa ni babu wangapi wataongezeka. Bado nagawa.

#29 Mwanga_Juu

Wakuu nami niripoti.

Jana nimegeuza kinu. Buibui walikuwa wamehamia, nikaosha nikaanika siku nzima ndani ya kibanda sababu ya mvua. Leo saa kumi nimetwanga. Sikujua ni kizito vile, mchi umeninyoosha mgongo nikapumzika mara nne. Sombe imeiva saa moja na nusu usiku, ina kamchanga kidogo sikuosha vizuri, lakini ni yenyewe.

Nikiwa natwanga jirani akagonga geti, mama mmoja wa siku nyingi, anasema kasikia kinu kadhani nimepata mgeni. Nikamwambia hapana ni mie. Akasimama pale na mwavuli kidogo, kisha akaingia akanyang'anya mchi akamalizia, maana alisema nilikuwa napiga kinu sipigi majani. Alibaki akala.

Swali, majani niliyochuma ni mengi, nusu sijatwanga. Sina friji, liliharibika. Yatafika kesho?

#30 Mama_Manyovu

Hayatafika, yatakuwa njano. Twanga yote leo leo, chemsha mpaka yaive lakini mawese na karanga usiweke, acha kwenye sufuria mahali pa baridi. Kesho mchana unachemsha tena ndo unaweka.

Na jirani mwambie kesho aje na dagaa, giza limerudi watakuwa bei nzuri.

#31 Kibirizi_Dagaa

Kweli, leo wameingia wengi. Ila mzee nikumbushe, ni masika, uwakaange siku hiyohiyo.